Deni la Rufiji

Mwaka 2012 boriti moja ya chumba changu cha kulala, hapa Malindi katika Mji Mkongwe, ilianza kulia. Nasema kulia kwa kuwa sina neno jengine. Usiku upepo ukitulia ilikuwa ikitoa sauti ndogo, mfano wa mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Fundi alipokuja akaigonga kwa kitako cha patasi, akatega sikio, akasema, "Hii imeshaliwa, bwana. Itoke leo." Ikatoka, ikaacha matundu mawili yanayotazamana ukutani. Boriti mpya aliyoileta kutoka bandari ya majahazi ilikuwa ndefu kuliko chumba kwa kiasi cha shibiri mbili. Akaikata, kile kipande kilichobaki akanitia mkononi, akaniambia nikifanye kizuizi cha mlango. Nilimuuliza mti ule umetoka wapi. Akanijibu bila ya kugeuka: "Rufiji. Kwani nyengine zinatoka wapi?"

Sisi tunaokaa katika mji huu tunajua kwamba vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Mgeni hudhani kuwa ndiyo ladha ya wajenzi wa zamani, Waarabu na Wahindi, au kwamba ardhi ilikuwa haba. Sababu ni mti. Boriti ya mkoko haistahamili dari ya mawe na chokaa kwa upana unaopita mita tatu hivi, basi mwashi alisimamisha kuta zake kwa kipimo cha boriti. Tajiri aliweza kuongeza urefu wa chumba, aliweza kupandisha ghorofa ya tatu, aliweza kuagiza mlango wenye nakshi za kushangaza watu. Upana hakuwa na uwezo nao. Upana wa kitanda chake, wa mkeka wake, wa safu ya wageni waliokaa kwake siku ya harusi, wote ulikuwa umeshaamuliwa kwenye matope ya mahali ambapo yumkini hakupata kupaona.

Usiku ule nikiwa nimelala chini ya boriti mpya nilifikiri jambo la kitoto. Neno mto kwa Kiswahili lina maana mbili, na kwetu Unguja ile inayomjia mtu kwanza ni ya kitandani. Hatuna mto wa haja. Tuna vijito, Mwera na Kipange na vyenginevyo, na baadhi yake hupotea ndani ya ardhi ya mawe kabla ya kuifikia bahari. Ushairi wetu una bahari, hata aina za tungo tunaziita bahari. Una pepo, una tanga na ngalawa, una kusi na kaskazi. Mto umo kwa nadra, na ukiwamo aghalabu ni wa kulazia kichwa cha aliyenyimwa usingizi na mapenzi. Mto wa maji wa mwanzo kuusikia mimi ulikuwa wa chuoni, tulipofundishwa kutofanya israfu ya maji ya udhu hata kama mtu yuko ukingoni mwa mto unaotiririka. Nilikuwa nikijiuliza ukingo huo una sura gani.

Swali ninalotaka kulitazama katika kurasa hizi ndilo lililozaliwa kitandani pale: je, mtu anaweza kuwa na deni kwa mto asiouona?

Kwanza tumjue mdai mwenyewe. Bonde la Rufiji, pamoja na mito yote inayouingia, ni kiasi cha kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mto wenyewe unaanza kuitwa Rufiji pale Kilombero na Luwegu inapokutana kwenye maporomoko ya Shuguli. Kilombero ndio unaoleta maji mengi kuliko wenzake. Halafu unakuja Ruaha Mkuu, uliotembea safari ndefu kutoka nyanda za juu za kusini kupitia Usangu na Mtera, nao hujiunga karibu na korongo lililojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Stiegler. Kutoka hapo ardhi inalala, mto unapanuka, unapita Utete, na kabla ya kuingia baharini unajigawa kama vidole vya mkono: Simba Uranga, Kikunya, Msala na milango mengine, ikitazamana na kisiwa cha Mafia. Baina ya vidole hivyo ndipo ulipo msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 50,000, mkubwa kuliko wowote wa aina yake ulioshikana katika Afrika ya Mashariki. Mkaka, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana, mkomafi: kila mmoja una matope yake na kiasi chake cha chumvi. Mizizini mwao ndimo wanamokulia kamba, na sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania hutoka kwenye maji hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipendekezwa mradi mkubwa wa kufuga kamba ndani ya delta kwa ajili ya soko la nje. Wenyeji wengi waliupinga hata wakafika mahakamani, na mradi haukufanyika.

Matope hayo si uchafu. Ni udongo wa Njombe, wa Mahenge, wa Iringa, ulioteremshwa na mvua na kufikishwa baharini kidogo kidogo. Delta ni nchi iliyojengwa kwa mikopo ya nchi nyengine. Mkopeshaji akiacha kuleta, bahari huanza kudai.

Boriti zilikatwa humo na watu waliosimama kwenye tope hadi magotini, maji yakiwa yametoka, wakishindana na saa kwa kuwa maji yakijaa kazi imekwisha. Zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zikapangwa kwa unene, boriti mbali, pau mbali, zikapakiwa majahazini. Nyengine zilikuja kwetu. Nyengine zilivuka mpaka Ghuba, kwani majahazi yaliyokuja na kaskazi yakiwa na tende yalirudi na kusi yakiwa na miti, kwenda kwenye nchi zisizo na miti, na hata leo mtu akiingia kwenye nyumba kongwe za Kuwait au Bahrain na kuinua macho atakuta dari inayofanana na yangu. Katika hati za nyumba zetu limeandikwa jina la muuzaji, la mnunuzi, la mashahidi. Jina la mkata boriti sijapata kulikuta.

Naomba nipige kona ndogo hapa, maana kisa hiki hakiachiki. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliingia kwenye maji ya mji wetu na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa. Kisha ikakimbilia wapi? Ikaingia delta ya Rufiji, ikajificha ndani ya mikoko, na Waingereza ikawachukua mpaka Julai 1915 kuiangamiza. Mikoko ile ile iliyotushikia dari ilimficha aliyetupigia bandari. Mto haukuchagua upande. Jambo hilo litatufaa mbele.

Boriti ni deni la mababu, na mtu anaweza kusema limeshapita muda. La pili ni letu wenyewe. Mwaka 1980 waya wa kwanza wa umeme ulilazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na tangu hapo taa za Unguja zimekuwa zikiwaka kwa umeme wa Bara. Umeme wa Bara wa zama hizo ulitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Kidatu, kwenye Ruaha Mkuu, ambako mitambo ilianza kazi mwaka 1975. Halafu ikaja Mtera, halafu Kihansi mwaka 2000. Zote ni maji ya bonde la Rufiji. Mwaka 2013 ukalazwa waya wa pili wa megawati 100. Na sasa kwenye korongo lile lile la zamani limesimama Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya kuzalisha megawati 2,115. Walianza kulijaza Disemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024, na wa tisa mwaka 2025.

Thamani ya waya huo tuliifunzwa mara mbili. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima. Kisha Disemba 2009 waya ukaharibika tena, tukakaa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Sitayasahau majira yale. Pampu zilisimama, mabomba yakakauka, visima vilivyokuwa vimegeuzwa jaa vikasafishwa. Nilikuwa nafasiri riwaya, nikafasiri kwa kandili, na asubuhi nikiona ukurasa wangu una doa la mafuta ya taa. Hakuna hata mmoja wetu barazani aliyesema, "Tumekosa mto." Tulisema tumekosa umeme. Nami nilisema hivyo hivyo.

Neno deni nalo tulilisikia, lakini kwa maana nyengine. Machi 2017 shirika la umeme la Bara lilitoa notisi kwamba lingelikatia shirika letu umeme kwa ajili ya malimbikizo ya mabilioni ya shilingi. Pande mbili zilibishana juu ya hesabu na juu ya bei, siasa ikaingia kama inavyoingia kila mahali, na umeme haukukatwa. Wakati ule nilijiuliza: tuseme tungelilipa lile deni lote siku moja, senti kwa senti, tungelikuwa tumemlipa nani?

Rafiki yangu mmoja wa barazani, mtu wa hesabu kuliko mimi, hataki kabisa kulisikia swali hili. Rai yake ni nyepesi na ina nguvu. Boriti zilinunuliwa, umeme unanunuliwa, na anayenunua hana shukrani ya kutoa zaidi ya bei. Tena, asema, mto si mtu. Mvua inanyesha kwa amri ya Mola, maji yanateremka kwa kuwa mlima uko juu na bahari iko chini. Utamshukuruje asiyekusudia? Bila ya kujua, rafiki yangu ameungana na Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliyeandika kitabu kizima juu ya hisani na namna ya kuilipa. Kwa rai ya Seneca mito haitudai kitu, ingawa hubeba vyombo na kunywesha mashamba. Hakuna anayejiona ana deni kwa Nile, wala hakuna anayeichukia kwa haki ikifurika kupita kiasi. Hisani ni tendo la nia, na mto hauna nia.

Nimeishi na hoja hiyo muda mrefu na naikubali nusu yake. Mto ulioificha Königsberg haukuwa na nia, na haukuwa adui yetu wala rafiki wa Wajerumani. Walakin nusu ya pili ilinitoka mikononi Julai 2025, nilipokwenda Nyamisati.

Nyamisati ni bandari ndogo ukingoni mwa delta, ambapo watu hupanda boti za kwenda Mafia. Nilikuwa nimechukua kile kipande cha boriti mkobani, sijui kwa nini, labda kwa aibu ya kwenda mikono mitupu. Wenyeji walinipeleka kwa mzee mmoja aliyewahi kukata boriti ujanani. Nilimwamkia, akaniitikia, akanikaribisha jamvini. Nilipomwonesha kipande akakigeuza, akakwaruza kwa ukucha, akakinusa. "Mkaka huu," akasema. "Umekatwa mchanga. Ungeliachwa ungelifika mkono wa mtu mzima." Kisha akaniuliza chumba kimoja cha mjini kwetu kinachukua boriti ngapi. Sikuweza kumjibu. Nimelala chini yake maisha yangu yote na sikuwa nimezihesabu.

Mzee alizaliwa bondeni, juu ya delta. Alikuwa kijana mdogo wakati wa Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969, pale watu waliokaa kwenye uwanda wa mafuriko walipohamishiwa vijiji vya nchi kavu. Alinieleza kilimo cha mlau, nami niliyekulia kwenye mikarafuu na mihogo nilisikiliza kama mtoto. Maji ya masika yanapofurika huvilaza viwanja chini ya tope. Yakirudi, mtu hufuata nyayo zake akipanda mahindi, maboga na kunde kwenye unyevu, na mazao hukua bila ya mvua nyengine. Wakati wa kulinda shamba watu hukaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Mafuriko makubwa yaliua na kufilisi, hilo hakulificha. Madogo yalilisha. "Ni mgeni," akasema, "pengine analeta zawadi, pengine anavunja vyombo. Lakini mlango humfungii."

Nikamuuliza juu ya Aprili 2024, mvua zilipozidi na mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti kuzama. Tuliyasoma sote: wapo waliosema maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyozidisha madhara, na serikali ikaeleza kuwa bila ya bwawa hali ingelikuwa mbaya zaidi. Mimi si mtaalamu wa maji na sitajifanya kuwa hakimu. Mzee naye hakuhukumu. Mjukuu wake alikuwa ameketi pembeni akichaji simu, naye akamwonesha kwa kidevu, kama kusema kwamba umeme hata yeye anautaka. Alisema maneno machache tu. "Zamani mto ulikuwa ukija wenyewe. Siku hizi unaletwa."

Kauli hiyo ndiyo iliyoukata mkono mmoja wa hoja ya Seneca. Mto wa huria hauna nia, naam. Lakini mto uliowekewa lango umetiwa nia. Yupo anayefungua na anayefunga, kwa saa na kwa sababu, na miongoni mwa sababu hizo imo taa inayoniwakia nikiandika haya. Maji yanapozuiwa mwezi ambao mlau uliyahitaji, au yanapoachiwa mwezi ambao mahindi yamesimama, si mvua tena peke yake iliyofanya jambo hilo. Na tope ambalo zamani lilifika Simba Uranga sasa sehemu yake linatua nyuma ya ukuta. Lile tendo lina wenyewe, na sisi tuliolala ng'ambo ya bahari tumo ndani ya wenyewe hao, hata kama tumo mwisho wa foleni.

Kwa hiyo namjibu rafiki yangu hivi. Bei huenda kwa muuzaji. Aliyeuza umeme ni shirika. Aliyepungukiwa ni mwengine, naye hakukaa kwenye meza ya mauziano. Ankara haiwezi kulifuta deni ambalo jina la mdai halimo kwenye ankara. Nakubali kuwa huenda amepata faida pia, mafuriko makubwa yakizuiwa. Deni halitoweki kwa kuwa mdai naye alipata kitu. Linakuwa gumu kuhesabika tu.

Na je, wasio watu? Kihansi inanitia kichwa maumivu. Kwenye umande wa maporomoko yale aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano, anayezaa watoto walio hai badala ya kutaga, na ambaye hakupatikana pengine popote duniani. Aligunduliwa mwaka 1996, maji yalipogeuzwa kuingia mitamboni umande ukapungua, maradhi yakamkuta dhaifu, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wakilelewa Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, hadi baadhi waliporejeshwa kwao mwaka 2012, ambako mashine hunyunyiza umande. Watu wengi walicheka: mamilioni ya fedha kwa ajili ya chura! Hata mimi nilicheka. Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Lakini nikitazama miaka, naona kwamba umande ule uliondolewa mwaka 2000, na tangu mwaka huo mimi nilikuwa nikifasiri kwa taa. Sijui namna ya kumshukuru chura. New Zealand mwaka 2017 walipitisha sheria ya kuutambua mto wa Whanganui kuwa na haki mfano wa mtu, na wakateuliwa watu wa kusema kwa niaba yake. Huenda ndiyo njia. Mimi nina wasiwasi nayo kidogo, maana kwetu hata binadamu wenye ndimi zao husemewa na wengine wasiotumwa, sembuse mto.

Sitaizima taa. Niseme hivyo mapema ili msomaji asinidhanie utakatifu. Miezi mitatu ya kandili ilinitosha, na hospitali, na visima vyenye pampu, na skuli, vyote vinataka umeme. Tena umeme wa maji ni nafuu kuliko wa moshi. Ninachokisema ni kidogo zaidi. Wapo wataalamu wanaojua ni maji kiasi gani delta inayahitaji, na mwezi gani, ili bahari isiimeze na mkaka upate kunenepa hata kufika mkono wa mtu mzima. Kiasi hicho kikizungumzwa, kisizungumzwe kama hasara inayotolewa kwenye umeme wetu. Ni haki ya mwenyewe inayorudishwa. Na sisi wa kisiwani tukiulizwa, tusiseme kwamba mambo ya mto ni ya watu wa Bara.

Nilipoagana na mzee nilitaka kumwachia kile kipande. Akakikataa, akasema kimeshakuwa cha mjini. Niliporudi nyumbani, kabla ya kuvua viatu, nilisimama chumbani nikahesabu. Zipo kumi na tisa, na ile mpya ya ishirini: korija moja kamili. Nikaenda ukumbini ili niendelee. Huko dari ilifunikwa kwa silingi bodi tangu enzi za marehemu baba, na boriti hazionekani.